TAIRI LIKILIKA UPANDE, ASIKATWE DEREVA MSHAHARA



Mwezi uliopita dereva mmoja mwenzetu, ambaye huendesha gari la mizigo hapa Magunga, alipokea mshahara wake kwa simu akakuta umepungua. Alipokwenda kuuliza, karani alimjibu kwamba bei ya matairi mawili ya mbele itakatwa kidogo kidogo kwa miezi minne. Matairi yale yalifungwa yakiwa mapya mwanzoni mwa masika, na sasa upande wa nje umekwisha kabisa, nyuzi zaonekana. Tajiri akasema: “Huyu anaendesha kama mwenda wazimu. Na alipe.”

Sisi tulikwenda kulitazama gari lile. Ni kweli matairi yamekwisha, wala hatubishi. Lakini tuliona na jambo la pili, ambalo karani hakuliandika katika hesabu yake. Gari lile liliinuliwa. Kabla ya mvua, tajiri alimwita fundi akaweka springi ndefu mbele na kuongeza bapa za springi nyuma, gari likapanda juu kadiri ya inchi mbili na nusu. Fundi akafunga boliti, akapokea fedha zake, akaenda zake. Hakuna aliyepima magurudumu, na gari likarudi kazini siku ile ile.

Hili ndilo jambo tunalotaka kulisema leo, kwa kuwa si la mtu mmoja. Kutoka hapa Magunga kwenda Sindo na Mbita, au kushuka upande wa Karungu na Sori katika Migori, magari mengi ya kazi yameinuliwa. Land Cruiser, Hilux, na hata Probox za abiria zimeinuliwa. Na matairi yanapokwisha kabla ya wakati wake, anayeulizwa ni yule aliyeshika usukani.

Kwanza tuseme haki. Kuinua gari si upumbavu. Mwenye kuijua nchi hii anajua sababu. Milima ya Gwassi ina mawe yanayogonga tumbo la gari, na Bonde la Lambwe lina udongo mweusi ambao ukilowa hushika magurudumu kama gundi. Mizigo ya omena, saruji na mahindi huzilaza springi za kiwandani mpaka gari likae kama kuku anayeatamia. Tajiri anayetaka gari lake lipite ana haki ya kuliinua, na dereva naye hufurahi kulivuka korongo bila kuteremka na koleo. Hatugombani na urefu wa gari. Tunagombana na kazi iliyoachwa nusu, ambayo gharama ya nusu iliyobaki hutwikwa mfanyakazi.

Tazama jinsi mambo yalivyo. Gari likiinuliwa, si bodi peke yake inayokwenda juu. Fito zote zinazoshika ekseli na zinazogeuza magurudumu hubadili mlalo wake, kwa maana ncha moja imeshikwa na chesisi, ambayo imepanda, na ncha nyingine imeshikwa na ekseli, ambayo imebaki pale pale chini.

Mfano wa kwanza ni baiskeli, ambayo kila mtu anaijua. Uma wa mbele wa baiskeli haukusimama wima, umelala nyuma kidogo upande wa mpandaji. Kwa ajili ya mlalo ule, mtu aweza kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kwenda mbele. Gari nalo lina mlalo wa namna hiyo katika magurudumu ya mbele, nao ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona. Katika Land Cruiser zenye ekseli nzima na springi za mviringo mbele, ekseli imeshikwa na mikono miwili mirefu inayotoka nyuma, kwenye chesisi. Ukiinua chesisi, mikono ile huelekea chini, nayo ekseli huzunguka, kichwa chake kikasogea mbele. Mlalo unapungua. Mafundi wengi huhesabu kadiri ya digrii moja kwa kila inchi moja ya kuinua, na gari lenyewe lilitoka kiwandani likiwa na digrii chache tu. Basi dereva akishika barabara ya lami ya Mbita, gari halitaki kunyoka. Huenda kushoto, huenda kulia, na yeye kazi yake ni kulirudisha kutwa nzima. Jioni mabega yanauma, na kesho yake tajiri asema dereva amelewa.

Mfano wa pili ni ule ufito unaotoka kwenye sanduku la usukani kwenda kwenye gurudumu. Kabla ya kuinuliwa, ufito huo hulala karibu sawa na ardhi. Baada ya kuinuliwa huwa umeinama, na kitu kilichoinama hufika karibu zaidi kuliko kilicholala. Mtu akisimamisha ngazi ukutani, jinsi anavyoisimamisha ndivyo mguu wake unavyosogea karibu na ukuta. Kwa hiyo ufito ule huyavuta magurudumu upande mmoja. Dereva akitaka kwenda mbele inambidi ashike usukani umepinda. Na gari likiingia shimoni, ekseli ikapanda ghafula, ufito ule husukuma magurudumu bila ya dereva kutaka, usukani ukamruka mkononi. Ufito mwingine, ule unaoizuia ekseli isiende kushoto wala kulia, nao huivuta ekseli yote upande mmoja. Lazima fito hizo mbili zilale sambamba. Mmoja ukirekebishwa na mwingine ukaachwa, kuruka kwa usukani huzidi.

Tatu, kuna magari yasiyo na ekseli nzima mbele, kama Hilux za siku hizi na Probox. Haya ndiyo yanayokula matairi upesi zaidi. Kila gurudumu lina mikono yake, na gari likiinuliwa mikono ile huning'inia. Magurudumu huacha kusimama wima, na pia huacha kutazama mbele sawasawa. Vidole vyake huelekea ndani au nje, kwa kadiri gari lilivyoundwa. Na zile raba zinazofunika viungo vya shafti hukunjwa kupita kiasi, zikapasuka, vumbi likaingia, kiungo kikafa.

Sasa tufanye hesabu, kwa maana matajiri wanapenda hesabu. Tairi lililopinda digrii moja tu kutoka njia yake, kwa kila kilomita moja linayokwenda mbele, linaburutwa kando mita 17. Safari ya kilomita 100 ni mita 1,700 za kuburutwa, zaidi kidogo ya maili moja nzima, juu ya mawe na changarawe, na mzigo mgongoni. Chukua kiatu chako kipya ukiburute maili moja kila siku, kisha utuambie kitadumu miezi mingapi. Dereva aweza kuendesha polepole kama anayebeba mayai, na tairi lile litakwisha vile vile.

Tairi lenyewe husema ukweli, nalo halina chama wala halina tajiri. Pitisha kiganja chako juu ya meno yake, kutoka ndani kwenda nje, kisha urudishe. Ikiwa upande mmoja kiganja chateleza na upande mwingine chakwaruzwa kama na msumeno, magurudumu hayatazami mbele sawasawa. Ikiwa ukingo mmoja tu umekwisha na meno mengine ni mazima, gurudumu limelala upande, au limepinda sana. Ikiwa kingo zote mbili zimekwisha, upepo ulikuwa mdogo. Ikiwa katikati ndiko kulikokwisha, upepo ulikuwa mwingi. Ikiwa kuna mabonde na vilima kuzunguka tairi, tazama shokamzoba, tazama beringi, tazama kama gurudumu lilipimwa uzito sawasawa. Na mwendo wa kasi na breki za ghafula? Hizo nazo hula tairi, wala hatukatai. Lakini mbele ya tairi lililokwisha ukingo mmoja, hatia haiwezi kuanzia kwa dereva. Kwanza pimeni gari.

Kupima kwenyewe si kazi ya uchawi, wala hakuhitaji kwenda Kisumu kila mara. Ni vizuri gari lifike kwenye mashine, kwa maana mlalo wa magurudumu haupimwi vizuri kwa macho. Lakini kuna mengi yanayoweza kufanywa hapa hapa Magunga, chini ya mti, kwa chaki na utepe wa kupimia. Jambo kubwa ni kufuata utaratibu.

Tazama vitu vilivyochakaa kwanza. Inua gurudumu, litikise juu na chini, kushoto na kulia. Beringi ikicheza, viungo vya fito vikicheza, bushi zikiwa zimekufa, hakuna kipimo kitakachokaa. Kupima gari lililolegea ni kupima maji kwa kikapu. Kisha jaza upepo sawasawa, gari likae mahali tambarare likiwa na mzigo wake wa kawaida. Baada ya hapo rekebisha mlalo wa ekseli: kwa bushi zilizotobolewa kando kidogo, au kwa mabamba ya kurudisha mikono, au, katika magari ya bapa za springi, kwa kabari za chuma chini ya bapa. Halafu ufito wa kushika ekseli, ili ekseli irudi katikati ya gari. Ndipo uje kwenye vidole vya magurudumu.

Piga chaki katikati ya matairi yote mawili, nyuma yake, kwa urefu wa kitovu cha gurudumu, upime toka alama hadi alama. Sukuma gari mbele mpaka alama zile zifike mbele kwa urefu ule ule, upime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo inayokuambia vidole viko ndani au nje. Kwa magari mengi ya kazi hutakiwa milimita chache tu, na kipimo chenyewe kimeandikwa katika kitabu cha gari. Usikubali fundi akuambie “naona kwa macho”. Milimita hazionekani kwa macho.

Mwisho kabisa ndipo usukani uwekwe sawa, kwa kurefusha au kufupisha ule ufito utokao kwenye sanduku. Hapa tunawaonya mafundi wetu, maana wengine ni wanachama. Wako wanaong'oa usukani na kuurudisha ukiwa umenyoka, wakasema kazi imekwisha. Sanduku la usukani limetengenezwa kukaza pale katikati tu. Ukiugeuza usukani na kuliacha sanduku nje ya katikati, umeficha ugonjwa, na dereva ataendesha siku zote mahali ambapo sanduku lina ulegevu. Vivyo hivyo, usukani ukitetemeka kwa mwendo wa kasi, kufunga shoka mpya ya usukani tu ni kubandika plasta juu ya jipu. Tetemeko huzimwa kwa muda, na chanzo chake kinaendelea kula viungo. Na bushi za raba zisikazwe gari likiwa limening'inia juu ya jeki. Zikazwe magurudumu yakiwa chini, la sivyo raba hujipinda na kupasuka mapema.

Tena, springi mpya hukaa chini baada ya kuzoea mzigo. Baada ya kilomita 500 hadi 1,000 boliti zikazwe tena na vipimo vitazamwe tena. Paipu za breki nazo zitazamwe kama hazikuvutwa, na taa zishushwe, kwa maana gari lililopanda huwamulika machoni wanaokuja mbele. Na kila dereva akumbuke kwamba gari refu hupinduka upesi kuliko fupi. Kona uliyozoea jana si kona ile ile leo.

Sasa turudi kwenye mshahara.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata fedha za mshahara kwa mali iliyoharibika ikiwa uharibifu ulitokana na kosa la mfanyakazi la kukusudia, na hata hapo iwe kiasi cha haki. Tena makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Soma tena neno lile: kukusudia. Tairi lililoburutwa kando kwa sababu ufito haukurekebishwa, dereva alikusudia nini? Hakuagiza springi. Hakumchagua fundi. Hakumwambia tajiri aache kulipia upimaji ili kuokoa shilingi chache. Tajiri aliyeokoa fedha ya kupima na sasa anadai fedha ya tairi anamlipisha maskini akiba yake mwenyewe.

Wala jambo hili haliishi kwenye fedha. Gari linalotangatanga barabarani laweza kuua. Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, inakataza gari lenye hali ya kuhatarisha watu lisitumiwe barabarani, na askari akilisimamisha gari, anayemkuta ndani ni dereva, si tajiri. Lakini ipo sheria nyingine inayomkinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri haruhusiwi kumlazimisha arudi kwenye kazi ile mpaka hatari iondolewe. Dereva akisema, “Bwana, usukani unaniruka mkononi, siwezi kupakia watu,” huyo si mvivu wala si mkaidi. Anatimiza sheria.

Tunajua mtakayosema. Mtasema, “Nyinyi mnaandika, lakini nikisema hivyo kesho gari atapewa mwingine.” Hofu hiyo ni ya kweli, nasi hatuicheki. Vijana wenye leseni na wasio na kazi wamejaa kila soko. Ndiyo maana hatusemi mtu mmoja asimame peke yake mlangoni kwa tajiri. Mmoja akikataa, atatolewa. Wote wakiandika habari moja kwa njia moja, tajiri atasoma.

Kuandika ndiyo silaha tunayowaomba mwishike. Mbele yetu, ng'ambo ya Mbita, kiko Kisiwa cha Rusinga alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969. Kabla ya kushika ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya mwaka 1953, alikuwa mkaguzi wa afya katika jiji la Nairobi. Kazi ya mkaguzi ni kutazama na kuandika alichokiona. Nasi tufanye hivyo. Yule mwenzetu wa matairi mawili, lau angekuwa na karatasi moja yenye tarehe ya kuinuliwa gari na siku aliyosema usukani umepinda, karani asingeweza kumjibu neno. Alisema kwa mdomo mara mbili. Maneno ya mdomo yalikwenda na upepo wa ziwa.

Nasi wenyewe tujisemee ukweli. Wako madereva kati yetu wanaopenda gari refu kwa fahari, wakamshawishi tajiri aliinue ili waonekane sokoni. Wako wanaopita mashimo kwa kasi wakisema gari limeinuliwa, halisikii. Wako wasiopima upepo mwezi mzima. Chama hakiwezi kumtetea mtu asiyetazama tairi lake asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utakatwa katika mshahara wako.

Basi haya ndiyo tunayoyataka, na tunawaomba wanachama wayajadili katika mkutano ujao:

1. Gari lolote la kazi likiinuliwa, lisirudi barabarani mpaka magurudumu yapimwe, na karatasi ya vipimo ikae ndani ya gari.

2. Kila gari liwe na daftari la matairi: siku ya kufungwa, kilomita, upepo, kuhamishwa mbele na nyuma kila baada ya kilomita 10,000, na kila neno ambalo dereva amemwarifu msimamizi. Dereva atie sahihi, na msimamizi atie sahihi.

3. Tairi likikwisha mapema, litazamwe na fundi mbele ya dereva na mjumbe wa chama kabla ya kusema habari ya fedha.

4. Mwenzetu yule arudishiwe fedha alizokatwa, na gari lipimwe kabla halijafungwa matairi mengine. Wakifunga matairi mapya juu ya ufito uliopinda, kabla ya masika ijayo tutakuwa hapa hapa tunabishana tena.

Tumekwisha kumwandikia tajiri wake barua ya adabu, tukamwomba aje yeye mwenyewe apitishe kiganja juu ya tairi lile. Hatukumtukana. Tulimweleza kwamba kupima gari kunampunguzia yeye gharama pia, na kwamba dereva asiyepigana na usukani kutwa nzima humfikishia mizigo salama. Tunangoja jibu lake. Likija zuri, tutalitangaza hapa. Likija baya, au lisipokuja, tutaipeleka habari hii kwa afisa wa kazi, na tairi lenyewe tutalibeba kama shahidi.

Hadi hapo, kila dereva kesho asubuhi, kabla ya kuwasha moto, ainame apitishe kiganja. Ni dakika moja tu.

Umoja ni nguvu.